Mchezo Unaotupa Chakula

Ukitaka kumuudhi Euphrasie, usijisumbue kutafuta matusi. Matusi alishayasikia yote miaka ile alipokuwa na mkahawa kando ya barabara, na mengine aliwarudishia wenyewe yakiwa yamenolewa zaidi. Njia ya kumuudhi ni ndogo tu: mwaga chakula mbele yake. Mwaga hata mchuzi wa maharagwe uliobaki kwenye kisahani. Utamsikia ukiwa ng'ambo ya pili ya kijiji cha Kalembe.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mpana wa mabega, na kitambaa chake cha kichwa hukaa upande kwa sababu siku nzima ameinama juu ya moto. Mumewe, Callixte, analima maharagwe na viazi kilimani, mtu mpole ambaye amejifunza kula hadi sahani ing'ae. Mkahawa wao ulikuwa kibanda cha mbao pale wilaya ya Masisi inapoishia na ya Walikale inapoanzia, hata watu wakatania kwamba mlango wa Euphrasie uko Masisi na jiko lake liko Walikale. Waliokula pale walikuwa wapagazi, waendesha pikipiki, na watu waliotembea siku kadhaa kutoka upande wa Itebero wakiwa na mafuta ya mawese mgongoni. Hakukuwa na orodha ya vyakula. Ulikula kilichokuwepo: bugali, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, na nyama siku ya soko.

Lakini sheria ilikuwepo, na aliirithi kwa mama yake. Ukoko, lile ganda kavu linalobaki chini ya sufuria, haukukwanguliwa mpaka mtu wa mwisho afike. Ulikuwa wa aliyechelewa. Mtu angeweza kutokea msituni jua linashuka, miguu imevimba, benchi zote zimeshapanguswa, na bado Euphrasie angechukua kijiko, akakwangua, akamwekea mafuta kidogo juu, akamwambia akae. Baadhi ya vijana wa pikipiki walichelewa makusudi. Aliwajua, akawatukana, akawapa.

Vita vilipopita mara ya kwanza alikimbia na sufuria yake kubwa kichwani. Vilipopita mara ya pili alikimbia nayo tena, na aliporudi alikuta mabati hayapo, mbao hazipo, mafiga yake matatu tu ndiyo yamebaki mahali pake kwenye majani. Alikaa juu ya figa moja akalia kidogo. Kisha aliinuka, akaenda kwa Madame Drocella, mkurugenzi wa shule ya watoto wadogo ya parokia, akamwambia: "Niko na sufuria. Uko na batoto. Tufanye nini?"

Tangu siku hiyo Euphrasie ndiye mpishi wa shule. Unga wa mahindi, soya na mtama unaletwa na shirika moja lenye ofisi mjini Goma, naye anapika uji kila saa nne asubuhi kwa watoto arobaini na mmoja. Kwa wengi wao uji huo ni chakula cha kwanza cha siku. Kwa wengine ni cha pekee mpaka jioni. Kuna msichana mmoja wa miaka mitano, Elodie, anayelelewa na bibi yake juu kabisa ya kilima, ambaye hadi wakati ule alikuwa hajawahi kuwahi hata siku moja. Miguu yake ni mifupi na njia ni ndefu. Ukoko wa sufuria, basi, ukawa wa Elodie, na hakuna mtoto aliyethubutu kubisha.

Sasa njoo uone kilichokuja kuvuruga mambo.

Siku moja Hilaire, mfanyakazi wa lile shirika, alifika kwa pikipiki akiwa na tableti sita ndani ya boksi na bamba la jua la kuzichajia. Ndani ya tableti, alieleza, kuna mchezo wa watoto wadogo. Mtoto anakuwa na mkahawa wake, anapika, anahudumia wateja. Anajifunza usafi, anajifunza lishe, anajifunza kuhesabu. Shirika linataka kujua kama mchezo unafaa, na linataka mtu wa hapahapa aupime kwa miezi mitatu, kisha ajaze fomu.

"Na weye, Mama Euphrasie, njo muntu ya mestiye, hii kazi unaijua," alisema Hilaire. "Ulikuwa na restora. Nani atajua kuliko weye?"

Euphrasie alifurahi, tusifiche. Hakuna aliyewahi kumwomba maoni kuhusu mkahawa tangu mkahawa ulipokufa. Aliazima miwani ya Madame Drocella, akajipangusa mikono, akakaa kwenye kigoda na tableti magotini.

Mpishi wa mchezo alikuwa paka mwenye kofia nyeupe. Wateja walikuwa dubu, twiga na bata. Chakula kilikuwa mkate wa mviringo uliokatwa katikati, ukajazwa nyama na majani mabichi. Euphrasie aligusa hapa, akagusa pale, na nyama ikaiva kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

"Kuni yake iko wapi?" aliuliza.

"Hakuna kuni, Mama. Iko muchezo."

"Na paka hii, ilinawa mikono? Miye sikuiona inanawa. Na huyu dubu ameingia, hakuna muntu alimusalimia, yeye pia hasalimie. Amekula, ameondoka, ata asante hakuna! Kwetu muteja kama huyu tulikuwa tunamuita arudi, watu bote wanamuangalia."

Hilaire alicheka, akaandika kitu kwenye daftari lake. Euphrasie aliendelea. Kitunguu alichokata hakikumtoa machozi, akakidharau. Kisha bata alichelewa kuhudumiwa kidogo tu, uso wake ukawa mwekundu, akatoka mlangoni bila kula, na mchezo ukampunguzia Euphrasie nyota. Hapo alivua miwani.

"Kwa hiyo mwenye kungojea njo anafukuzwa," alisema polepole. "Eh! Bon."

Lakini hilo lilikuwa dogo. Wakati anabishana na Hilaire, nyama iliyokuwa motoni ilibadilika rangi, na sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya tableti, kwa Kiswahili kilichonyooshwa cha kwenye redio: "Kimeungua! Tupa!" Pipa la taka likafunguka lenyewe pembeni. Euphrasie hakutupa. Alijaribu kukwangua sehemu nyeusi kwa kidole. Sauti ikarudia: "Kimeungua! Tupa!" Mwishowe kidole kilimteleza, mkate na nyama na majani vikaingia pipani, pipa likacheua, vigelegele vikapigwa, na nyota kubwa ya dhahabu ikashuka. Jiko safi!

Alirudisha tableti kwa Hilaire kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu kisicho chake. Alimwambia mambo mawili: kwamba ameshamaliza kupima, na kwamba jibu lake asingeweza kulisema karibu na kanisa. Hilaire alimsihi. Miezi mitatu, Mama, njo utaratibu. Fishi, ile fomu, inajazwa mwisho.

Basi miezi mitatu ikaanza. Watoto waliupenda mchezo, nani angewalaumu? Uliimba, uling'aa. Elodie peke yake aliuliza swali la maana. Aliangalia pipa likimeza mkate ulioungua, akamgeukia Euphrasie: "Mama, ukoko yake wanapatia nani?"

"Hawapatie muntu, mwanangu."

Elodie alifikiri. "Basi muntu ya mwisho anakula nini?"

Swali hilo la mtoto wa miaka mitano lilimkaa Euphrasie rohoni wiki nzima.

Mwezi wa tatu wa kuupima mchezo mvua zilinyesha mfululizo, kuni zikalowa. Asubuhi moja moshi ulikuwa mwingi kuliko moto, na uji ukashika harufu ya moshi. Ulikuwa mzima, mtamu, una harufu tu. Watoto walipanga mstari, wakachotewa vikombe vyao. Siku hiyo, ajabu, Elodie alikuwa wa katikati, bibi yake alikuwa amemtanguliza mapema kwa sababu ya mvua. Alipokea kikombe chake, akakinusa. Kisha akaitoa ile sauti ya redio, kama ilivyo, neno kwa neno:

"Kimeungua! Tupa!"

Akamwaga uji wote chini, kwenye tope. Akainua uso, akamtazama Euphrasie kwa furaha, akingojea nyota.

Na wengine wakafuata. Vikombe kumi na moja, kabla Euphrasie hajavuka uwanja. Walikuwa wanashangilia. Uji ulitiririka kati ya miguu yao hadi kwenye mfereji, na kuku wa parokia wakaja mbio.

Hakumpiga mtoto hata mmoja. Nalisema hilo kwa sababu watu wa Kalembe walisimulia vingine. Alipiga kelele, ndiyo, lakini alipigia bati la jiko, na mvua, na mtu asiyejulikana aliyekaa mahali pakavu akatengeneza mchezo wa kumfundisha mtoto mwenye njaa kumwaga uji wake mwenyewe na kumpigia vigelegele. Alikuwa na haki. Hata sasa ninapoandika, damu inachemka. Elodie, alipoona nyota haiji na uji haupo, alianza kulia. Euphrasie alikwangua sufuria, akampa ukoko, akamkalisha karibu na moto, naye mwenyewe akaenda nyuma ya jiko.

Wiki hiyohiyo Hilaire alileta fomu. Ilikuwa na vichwa vya duara, vingine vinacheka, vingine vimenuna, ili wasiojua kusoma waweke alama. Euphrasie alidharau vichwa hivyo, hakuvigusa. Alisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi, na mwandiko wake umenyooka. Chini kabisa palikuwa na swali moja lenye mistari mitatu: kwa maneno yako mwenyewe, mchezo huu unafanya nini? Alishika kalamu. Alilitafuta neno la kuuhukumu ule mchezo, akaona hakuna bora kuliko lile lililotoka kinywani mwa mchezo wenyewe. Aliandika:

*Muchezo hii inatupa chakula kila dakika, na batoto banafurahi.*

Alitia sahihi, na Hilaire akampiga picha ya kwenda pamoja na fomu. Kisha akamshika Hilaire mkono. "Papa Hilaire, uniapie. Usibadilishe neno. Ata moja."

"Naapa, Mama. Itafika vile iko."

Na ikafika vile ilivyo. Hilaire ni mtu wa neno lake, hatumlaumu kwa hilo.

Miezi miwili baadaye barua ikaja, kwa Kifaransa, na picha ya Euphrasie imepigwa chapa juu yake, kitambaa kikiwa upande. Madame Drocella alimwita ofisini na akaanza kuisoma huku akitafsiri. Shirika linashukuru. Shirika limefurahishwa sana na ushuhuda wa mpishi mwenye uzoefu. Kwa kuwa watoto tayari wanapewa chakula kupitia shughuli ya mchezo, unga unakuwa msaada wa pili juu ya msaada wa kwanza, na utaratibu haukubali msaada mara mbili. Kwa hiyo unga utasimama mwisho wa mwezi huu. Mahali pake shule itapokea tableti nyingine kumi.

"Nani aliwapa chakula?" aliuliza Euphrasie. "Chakula gani?"

Madame Drocella aliweka kidole kwenye mstari. "Mama, wanasema njo weye uliandika. Iko hapa: muchezo inatupatia chakula kila dakika, na batoto banafurahi."

"Miye?"

"Na sinyatire, hii sahihi, iko yako."

"Miye niliandika inatupa! Inatupa, Madame! Kutupa! Kutia mu pubele, mu pipa ya taka!"

"Inatupa," alisema Madame Drocella, taratibu, kama anayeonja kitu. "Inatupa. I-na-tu-pa." Akaweka barua mezani. "Ee Mungu wangu. Inatupa sisi."

Walitazamana. Neno lilikuwa moja. Euphrasie aliliandika likiwa na hasira, likapanda pikipiki, likapita kila bonde, likafika Goma mikononi mwa mtu wa tafsiri ambaye hakuwahi kuona kikombe cha uji kikimwagwa, naye akalisoma kwa shukrani. Kila dakika! Na watoto wanafurahi! Hata hayo mengine yote yalikubaliana. Hakukuwa na mtu wa kumshika koo, maana hakuna aliyekuwa amesema uongo.

"Na hakuna muntu ata mumoja aliuliza?" Euphrasie alinguruma. "Hakuna aliyesema, ngoja kwanza, kioo ya tableti inapikaka buyi, uji ya batoto, wapi? Bantu ya masomo! Bantu ya burô, ya ofisi! Wanaweza kuamini kama kioo inalisha batoto, lakini kuamini kama mupishi anaweza kukasirika, hapana, hiyo haiwezekane!"

Barua ya kujibu iliandikwa, ikapelekwa. Hakukuja jibu. Mwezi uliisha, na unga ukaisha pamoja nao, hadi vumbi la gunia la mwisho likakung'utwa ndani ya sufuria. Siku tatu hakukuwa na moto jikoni. Saa nne watoto walitoka darasani na vikombe vyao kwa mazoea tu, wakapanga mstari, na Euphrasie akalazimika kupita mbele yao akiwaambia warudi ndani. Mtu ambaye hajawahi kuwaambia watoto arobaini na mmoja waende na vikombe vitupu asijifanye anaijua kazi hiyo.

Siku ya nne Hilaire alifika. Boksi la tableti kumi lilikuwa limefungwa nyuma ya pikipiki, na uso wake ulikuwa wa sikukuu.

"Felisitasio, Mama Euphrasie, hongera! Picha yako iko kwa ukuta ya burô!"

"Papa Hilaire," alisema Euphrasie. Sauti yake ilikuwa ya chini, na wanaomjua walianza kusogea mbali. "Ile sentensi yangu, ulisoma?"

"Niliifikisha, Mama. Sikubadilisha ata neno moja."

"Sikuulize kama ulibadilisha. Nauliza kama ulisoma."

Hilaire aliangalia viatu vyake. "Kusema kweli... fishi zilikuwa mingi. Nilizifunga, nikazipeleka."

Euphrasie alianza kumwelezea, Madame Drocella akisaidia: unga, barua, msaada mara mbili, neno. Hilaire alisikiliza akisema "ah wapi" na "haiwezekane", akisema kwamba kuna utaratibu wa kusahihisha, kwamba tathmini imefungwa lakini mwakani itafunguliwa nyingine, kwamba Mama asikate tamaa. Mwakani! Euphrasie alikuwa amefungua kinywa ili amjibu, na majibu yalikuwa tayari, ya mkahawani yale, pale Elodie alipotokea kwenye njia ya kilimani, amechelewa, anahema, na kikombe mkononi.

Alipita jikoni, akaona mafiga hayana moto. Akaangalia huku na huku. Bila shaka alikuwa amesikia mazungumzo ya wakubwa, siku zote hizo, kwamba sasa mchezo ndio unaotoa chakula. Alikwenda hadi kwenye boksi ambalo Hilaire alikuwa amelifungua, akagusa tableti ya juu, akaiinua kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine akaweka kikombe chake chini ya pembe ya kioo. Akainamisha tableti. Akangojea. Akaigeuza, akajaribu pembe nyingine.

"Papa," alimuuliza Hilaire, "inatokeaka wapi?"

Hilaire alivua kofia yake, akaishika kifuani kama yuko kwenye kilio. Kisha alitoa kalamu mfukoni, akamnyooshea Euphrasie pamoja na karatasi.

"Mama, tuandike ingine. Leo hii. Nitaisoma, nitaitafsiri mwenyewe, nitaweka sinyatire yangu chini ya yako. Tutaandika inamwanga, ao inaharibu, neno yenye haina..."

"Hapana," alisema Euphrasie. "Maneno yangu nimemaliza."

Aliingia jikoni akatoka na sufuria. Ile kubwa, nyeusi mpaka mpini, aliyoikimbiza kichwani mara mbili. Alikuwa ameisugua ndani kwa mchanga siku ileile unga ulipokwisha, na hapakuwa na hata ukoko. Akaifunika kifuniko chake. Alishusha boksi la tableti kwenye pikipiki ya Hilaire kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka sufuria mahali pake, akaifunga kwa kamba ya mpira, akavuta fundo mara mbili.

"Peleka hii kwa bakubwa yako. Weka juu ya meza yao. Hii haina kusomwa namna mbili."

"Lakini Mama, utapikia mu nini?"

"Nitapika nini?" alisema Euphrasie.

Hilaire aliondoka. Barabara ya Kalembe ni mbaya, na kwa muda mrefu kifuniko kilisikika kikigonga kwenye kila shimo. Euphrasie alibaki uwanjani, mikono haijui pa kukaa. Jioni Callixte alimletea viazi vichache vya kuchoma, kwa kuwa hakukuwa na cha kuchemshia, na wote wawili wakala.

Siku ya nne baada ya hapo, simu ya Madame Drocella iliita. Alikimbia nayo hadi kwenye mwinuko nyuma ya kanisa, mahali ambapo mtandao unashika, huku akimwita Euphrasie amfuate. Alikuwa Hilaire, kutoka ofisini, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi zikibishana.

"Mama, niliiweka kwa meza, katikati ya reunio, bantu bote wamekaa mu mukutano. Sasa bakubwa wanauliza. Wanasema haina barua, haina fishi, haina namba. Wanauliza hii sufuria iko ya nini."

"Iko rapporti yangu," alisema Euphrasie. "Waambie bafungule kifuniko, basome ndani."